Mwimbaji Aliyesema "Mimi"

Aprili 1989 Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki Mganda aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi Kampala akawaambia watu wake kwamba ana UKIMWI. Hakusema anaumwaumwa. Hakusema karogwa, wala kwamba madaktari bado wanachunguza. Aliutaja ugonjwa kwa jina lake, akajitaja na yeye kwa jina lake, na vyote viwili akaviweka katika sentensi moja. Alikuwa na miaka 37.

Watu walimwita mwongo. Anatafuta soko la kanda zake, wakasema. Wengine wakadai amelipwa aje kuwatisha wenzake. Walikuwa na ushahidi wao: mtu mwenyewe huyu hapa, amesimama, ana mwili, anaongea, anaimba. Mgonjwa wa maradhi yale walimjua alivyo. Alikuwa mtu wa kulazwa kwenye mkeka chumba cha nyuma, mifupa mitupu, mlango umerudishwa ili wageni wasimwone. Mgonjwa anayepanda jukwaani hawakuwahi kumwona.

Ili kuelewa hilo inabidi kurudi nyuma miaka saba, mpaka mwaloni.

Kasensero ni mwalo wa wavuvi upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, wakati ule katika wilaya ya Rakai, si mbali na mpaka wa Tanzania. Baada ya vita ya 1978 na 1979 iliyomng'oa Idi Amin, bidhaa za madukani zilikuwa haba pande zote mbili, na palipo na uhaba pana magendo. Mitumbwi ilivuka usiku na vitambaa, sabuni, na chochote kilichokuwa na bei. Vijana waliofanya biashara hiyo walipata fedha, wakavaa vizuri, wakanywa, wakapendwa. Kuanzia 1982 wakaanza kufa. Walikonda, wakaharisha miezi kwa miezi, wakaisha. Rakai waliamini ni uchawi wa wafanyabiashara wa Kitanzania waliodhulumiwa mali yao. Tafsiri hiyo haikuwa ya kijinga, maana waliokuwa wakifa wengi wao kweli walikuwa na madeni ya watu.

Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania waliripotiwa mwaka 1983, na kufikia 1986 hakukuwa na mkoa wa Tanzania Bara ambao haujaripoti wagonjwa. Huko Kagera ugonjwa ulipewa jina la Juliana, kutokana na kitambaa cha kisasa kilichouzwa na wafanyabiashara hao hao wa magendo. Waganda waliuita "slim", kwa sababu ya kukonda, na jina hilo likaingia hata katika kichwa cha makala ya kisayansi ya madaktari wa Kampala na wenzao wa Uingereza, iliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1985. Kiganda kikalichukua neno, kikalivalisha nguo zake: siliimu. Mpaka leo UKIMWI kwa Kiganda ni siliimu.

Sisi tunaoongea Kiswahili hatukubaki nyuma katika kutunga majina. Herufi za Kiingereza, AIDS, zilipofika Tanzania watu walizifungua upya: Acha Iniue, Dogodogo Siachi. Baadaye zikaja ngoma, mdudu, umeme, na ule msemo ambao kila nikiusikia naona picha ya mtu anayetembea gizani pekupeku: amekanyaga miwaya. Msibani, wakati wa kusoma wasifu wa marehemu, tulikuwa na sentensi yetu ya kawaida, "aliugua kwa muda mrefu", na kila aliyekaa chini ya turubai akajua. Lugha ilikuwa na maneno ishirini ya kuuzunguka ugonjwa. Lisilokuwepo lilikuwa neno dogo kuliko yote, kiambishi cha herufi mbili: ni-. Yeye anao, wao wanao, fulani alikuwa nao. Ninao, hakuna.

Hilo halikuanza na UKIMWI. Linatoka katika namna tunavyotunga nyimbo.

Nenda kwenye taarab Unguja au Tanga, ukae karibu na jukwaa. Shairi limetungwa na mtu mmoja, pengine mwanamume ambaye muda huo yuko kwake amelala. Linaimbwa na mwingine. Katikati ya ubeti mwanamke anainuka, noti ameibana kati ya vidole viwili, anakwenda kwa mwendo wa kucheza mpaka jukwaani, hamtazami mtu. Anamtuza mwimbaji, anageuka, na wakati wa kurudi ndipo jicho lake linatua kwenye kiti fulani, kwa nukta moja tu. Ukumbi mzima umeelewa. Ile "mimi" iliyokuwa ya mtunzi, ikapita kinywani mwa mwimbaji, sasa ni ya mwenye noti. Mshike asubuhi yake umuulize alikuwa akimsema nani. Atakujibu: mie? Mie nimeupenda wimbo tu.

Sioni woga katika hilo. Watu wanaoishi ukuta kwa ukuta, wanaochota maji bomba moja na kuzikana makaburi yale yale, wanahitaji njia ya kusemana bila kuvunjana. Fumbo ni njia hiyo, na ni sanaa ya hali ya juu. Lakini lina sharti lake: maumivu yaliyomo yasiwe na mwenyewe. Yakishapata mwenyewe fumbo limekufa.

Bendi za dansi nazo zilikuwa na "mimi" yao, ya bei rahisi zaidi. Mwimbaji wa bendi akilia kwamba mpenzi kamwacha hakuna aliyemuuliza kaachwa lini. Mimi yake ilikuwa kama koti la kuazima, kila msikilizaji alivaa kwa zamu. Hata "Malaika", wimbo wa kijana anayetaka kuoa na mfuko hauna kitu, ambao Fadhili William aliurekodi Nairobi akasifika nao, ulikuwa na zaidi ya mtu mmoja aliyedai ni wake. Adam Salim naye alisema aliutunga yeye, kwa kisa chake mwenyewe. Watu wazima wawili wanagombania aibu moja! Waliweza kuigombania kwa sababu ufukara wa mahari ni aibu ya wote. Kila aliyekuwa ukumbini alikuwa nayo au aliwahi kuwa nayo. Aibu ya siliimu haikuwa na wagombea.

Ugonjwa ulipozidi, wanamuziki waliimba. Aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Franco Luambo Makiadi wa Kinshasa, mtu ambaye Afrika ya Kati na Mashariki ilicheza nyimbo zake kwa miaka thelathini. Mwaka 1987 alitoa "Attention na Sida", wimbo mrefu ambao ndani yake Franco haimbi sana, anahubiri. Anawageukia vijana, wazazi, walimu, madaktari, serikali, kila mmoja anapewa onyo lake. Ni kazi nzito, na ilisaidia watu. Lakini ukisikiliza utaona kidole kinaelekea nje muda wote. Franco alikonda mbele ya macho ya mashabiki wake, uvumi ukaenea, na alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989 bila kuwatangazia kinachomuua. Simlaumu. Mgonjwa hana deni la kumweleza mtu. Ninachosema ni kwamba hata bingwa huyo, aliyewahi kuwatukana wakubwa na kuingia jela kwa ajili ya nyimbo zake, alipofika kwenye "mimi" alisimama.

Lutaaya alizaliwa Oktoba 1951. Mwaka 1968 aliacha shule kwa ajili ya muziki, na kwa miaka iliyofuata maisha yake yalikuwa ya mwanamuziki wa Uganda wa enzi zile: Kampala ikiwa ngumu unavuka mpaka. Alipiga Kongo, alipiga Kenya. Nairobi ya miaka ya sabini ilijaa wanamuziki Waganda waliokimbia Amin, na wengi wao walijifunza Kiswahili kwenye kumbi za usiku, kwa kuimba kwanza na kuelewa baadaye. Katikati ya miaka ya themanini alikuwa Sweden, na huko, akiwa na Waganda wenzake waliotawanywa na siasa za kwao, akarekodi "Born in Africa", wimbo wa Mwafrika aliye ugenini anayejivunia alikotoka. Ulipofika nyumbani ulipokewa kama bendera. Serikali ya Yoweri Museveni ilikuwa imeingia Januari 1986, vita ya Luwero imekwisha, watu wanatafuta cha kujivunia, na huyu hapa kijana wao kutoka Ulaya na sauti safi na vinanda vya kisasa. Alirekodi pia santuri ya Krismasi kwa Kiganda. Nitairudia.

Kwa hiyo aliyesimama Aprili 1989 alikuwa nyota, na nyota wa aina maalumu: aliyefanikiwa ughaibuni. Tunajua wote kijana kama huyo anatakiwa arudi na nini. Arudi na gari, zawadi, na mke wa kutambulisha. Yeye alirudi na majibu ya hospitali.

Uganda, kwa haki yake, ilikuwa imeanza kusema kabla ya majirani. Mei 1986 waziri wa afya, Ruhakana Rugunda, aliwaambia mawaziri wenzake kule Geneva kwamba nchi yake ina UKIMWI, wakati serikali nyingi za Afrika zilikuwa zikikana kabisa. Redioni matangazo ya ugonjwa yalitanguliwa na mdundo wa ngoma, kama ngoma ya kuwaita watu kwenye hatari. Rais akazunguka na lugha ya wafugaji: mfunge ng'ombe wako zizini, umlishe hapo hapo, asizurure kwenye malisho ya watu. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa viungo wa Hospitali ya Mulago ambaye mumewe Christopher alifariki Januari mwaka huo, alianzisha na wenzake wachache, wengi wao wenyewe wagonjwa, chama cha kuwasaidia wenye UKIMWI, TASO. Ndani ya TASO watu walikaa duara, wakafunga mlango, wakaambiana. Ule mlango ndio nauona kila ninapofikiria habari hii. Ulikuwa wa lazima. Nje ya mlango ule mtu alifukuzwa kazi, akatupiwa vyombo vyake uani, kikombe chake kikatengwa kwenye rafu peke yake.

Lutaaya akaufungua.

Wimbo wake unaitwa "Alone", ingawa wengi wanaujua kwa jina refu, "Alone and Frightened". Ni wa polepole, na vinanda vya umeme vya miaka ile ambavyo leo vinasikika kizee kidogo. Mimi niliusikia mara nyingi kabla sijausikiliza, na nilipousikiliza kilichonishangaza ni mahali anapojitaja. Wimbo hauanzi na "mimi". Unaanza mbali, na mtu asiye na jina aliyejificha mahali fulani gizani na hofu yake. Msikilizaji anakaa vizuri, maana hilo analijua: ni "yeye" wa siku zote, fulani wa chumba cha nyuma. Kisha mwimbaji anaingia mwenyewe ndani ya giza lile, na kiitikio kinasema wazi: leo ni zamu yake. Na akishajitaja hakai na "mimi" yake peke yake, anaigeuza papo hapo kuwa wewe na mimi, kesho mwingine. Kutoka yeye hadi mimi hadi sisi, ndani ya wimbo mmoja. Nimewahi kufundisha vijana utunzi, na huwa nawaambia wahesabu viwakilishi kabla ya kuhesabu vina. Wimbo huu ndio ulionifundisha hilo.

Ameuimba kwa Kiingereza, naye alikuwa mtunzi wa Kiganda. Sababu ya wazi ni kwamba Kiganda kingeishia kusini na katikati ya Uganda, na ugonjwa ulikuwa kila mahali. Nina dhana ya pili, na ni yangu tu. Kuna mambo ambayo lugha ya mama haikuruhusu kuyasema kwa mama. Lugha ya kigeni ni mlango wa pembeni, na mtu anaweza kupita akiwa amevaa. Hata aliyevua fumbo lote alibakiza shuka moja.

Kisha akaanza kuzunguka. Alikwenda shuleni, makanisani, kwa wanafunzi wa vyuo, akaongea na kuimba, akaulizwa maswali ambayo leo yangetuvunja mbavu au moyo, sijui kipi kwanza. Mtengenezaji filamu wa Kanada, John Zaritsky, alimfuata na kamera miezi ile ya mwisho, na filamu yake, nayo ikiitwa "Born in Africa", ilionyeshwa Marekani mwaka 1990. Anayetaka kujua hali ilikuwaje aitazame. Mimi niliitazama kwa vipande, nikiacha na kurudi. Mwili wa mtu unapungua kutoka tukio hadi tukio, na hakuna anayelazimika kumshawishi mtazamaji tena.

Maana hicho ndicho kilichokuja kuwaaminisha watu, na ni jambo chungu kuliandika. Hawakuaminishwa na maneno yake, wala na wimbo. Waliamini alipokonda. Ushahidi walioutaka Aprili aliwaletea mwilini kufikia Novemba.

Watu wa Uganda na wa Kagera walikuwa na mahali pao pa zamani pa kusema "mimi" hadharani, na sidhani kama Lutaaya angesikilizwa vile bila hapo. Namaanisha walokole. Uamsho wao ulianza Gahini, Rwanda, na Kampala, kati ya daktari Mwingereza Joe Church na Simeoni Nsibambi, waliokutana kilimani Namirembe mwaka 1929. Katika miaka ya thelathini ulisambaa Uganda, ukafika Rwanda yote, Burundi, Kenya, na Bukoba kwa Walutheri. Desturi yake kubwa ilikuwa ushuhuda. Mtu anasimama katikati ya wenzake, anataja dhambi kwa jina, ya wizi, ya uzinzi, ya chuki kwa jirani aliyekaa pale pale, na akimaliza mkutano mzima unampokea kwa wimbo wa "Tukutendereza". Kwa hiyo wimbo na kukiri vilikuwa vimeshaoana huku kwetu nusu karne kabla. Nilikulia karibu na mikutano hiyo na nakumbuka ukimya wa kabla ya wimbo, ule muda mfupi ambao aliyekiri amekwisha kusema na bado hajapokewa. Ni muda wa sekunde mbili tatu tu, na anayesimama ndani yake huwa mikono yake haijui ikae wapi.

Lakini ushuhuda wa mlokole una kitu ambacho wa Lutaaya haukuwa nacho. Mlokole husimulia yaliyopita. Nilikuwa, nilitenda, nikaokolewa. Mwisho wake unajulikana na ni mzuri, ndiyo maana watu huimba. Lutaaya hakuwa na wakati uliopita wa kujificha ndani yake. Dawa ya AZT ilikuwa imeidhinishwa Marekani Machi 1987, kwa bei ya maelfu ya dola kwa mwaka, na ilisogeza tu siku. Dawa mchanganyiko zilizobadilisha mambo zilikuja 1996. Alisimama akasema, na baada ya kusema hakukuwa na wokovu wa kutangaza. Miezi yake minane iliyobaki ilikuwa yote ule ukimya wa kabla ya wimbo.

Na kuna jambo ambalo sifa nyingi anazopewa hulipita haraka. Wimbo wa kujifunua haumfunui mtunzi peke yake. Mwanamume akisema ana UKIMWI, mji mzima unaanza kuhesabu: alikuwa na nani, mwaka gani, na huyo sasa yuko na nani. Watoto wake wanakwenda shule kesho yake kama kawaida. Wanawake waliomfahamu wanafunga madirisha. Hao hawakupanda jukwaani, hakuna aliyewauliza kama wako tayari. Waandishi na watunzi wa siku hizi wanaohimizana "andika ukweli wako" wangetulia kidogo hapo. Ukweli wako una nyuso za watu wengine ndani yake. Nadhani Lutaaya alilijua hilo, na kwamba ndiyo sababu wimbo unakimbilia "sisi" haraka vile bila kusimulia kisa: hakuna mwanamke ndani yake, hakuna usiku fulani, hakuna lawama. Alijifunua yeye, wengine akawaacha wamefunikwa. Wepesi wa kusema kila kitu haukuwa ustadi wake.

Mwisho wa mwaka ule alirudi nyumbani kutoka Sweden kwa mara ya mwisho, amedhoofu. Alifariki katika Hospitali ya Nsambya, Kampala, tarehe 15 Desemba 1989, miezi miwili baada ya Franco. Alikuwa na miaka 38.

Wakati huo Magic Johnson alikuwa bado anacheza kikapu, hajatangaza chochote. Alitangaza Novemba 1991. Freddie Mercury wa Queen, aliyezaliwa Unguja, alitoa tamko lake tarehe 23 Novemba mwaka huo huo na kufariki kesho yake. Dunia inawakumbuka hao wawili kama waliovunja ukimya. Mganda aliwatangulia kwa miaka miwili na nusu, tena katika nchi isiyokuwa na dawa.

Uganda, kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kilichokadiriwa kuwa karibu asilimia 15 mwanzoni mwa miaka ya tisini kilishuka hadi asilimia 6 hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Atakayekuambia wimbo ndio ulioshusha asikudanganye. Walikuwepo TASO, redio, mapadri, masheikh, kondomu, na hofu yenyewe ya kuzika kila wiki. Tena sehemu ya kushuka huko ni ya waliokufa. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kidogo zaidi: baada yake walitokea watu wa kawaida, wasio nyota, walioingia madarasani na kusema "mimi ninao", na mpango wao ukaitwa kwa jina lake, Philly Lutaaya Initiative. Mwalimu wa kijijini au mama muuza nyanya anasimama mbele ya watoto mia mbili wenye sare. Hana gitaa. Anaanza na jina lake.

Huku kwetu njia ilikuwa nyingine. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuja kuwa wa Dar es Salaam mpaka kituo cha daladala Sinza kikaitwa kwa Remmy, alitoa "Mambo kwa Soksi" mwanzoni mwa miaka ya tisini. Soksi, yaani kondomu. Ni fumbo, na la kuchekesha, lakini Redio Tanzania haikulipiga. Nadhani lilikuwa fumbo lenye dirisha kubwa mno. Kumbi zikalipiga badala yake. Remmy alikuwa bingwa wa nyimbo za mnyonge na za kifo, na alijua kuuma. Hata hivyo wimbo wa soksi ni wa kumshauri mtu, si wa kujisema.

Ikabidi tungoje mpaka 2004 hivi, Ferooz alipotoa "Starehe" akishirikiana na Professor Jay. Hapo "mimi" imekaa kitako: kijana anasimulia maisha yake ya anasa mpaka kitandani anapofia. Mitaa ilinyamaza ikisikiliza. Nilimwona kondakta wa daladala, mmoja wa watu wasiojua kunyamaza hata msibani, amening'inia mlangoni na noti zake zimekunjwa kati ya vidole, hadai nauli mpaka wimbo ukaisha. Ila mgonjwa wa "Starehe" ni wa kubuni. Ferooz alivaa koti la "mimi" kama waimbaji wa dansi walivyolivaa, safari hii likiwa sanda. Kazi njema sana, na huenda kwa jamii yetu ilifanya zaidi ya ambacho ushuhuda wa kweli ungefanya, kwa sababu msikilizaji hakupata mtu wa kumsuta. Fumbo lilirudi kazini, limevaa nguo za ungamo.

Nilisema nitairudia ile santuri ya Krismasi. Ukiwa Kampala mwezi Desemba huwezi kuikwepa. Inaanza kusikika mapema, madukani, kwenye teksi, kwenye spika za wauza nguo za mitumba wa soko la Owino, sauti ile ile safi ikiwatakia watu sikukuu kwa Kiganda. Vijana waliozaliwa miaka kumi na tano baada ya kifo chake wanaimba naye neno kwa neno, mikono imejaa mifuko ya mchele na viatu vya watoto. Tarehe 15 inapita katikati ya pilikapilika hizo. Mara chache, usiku, mtangazaji wa redio akikumbuka, anauchomeka ule wimbo mwingine kati ya nyimbo mbili za Krismasi. Dereva wa teksi anapunguza sauti kidogo, halafu anaona abiria hawajalalamika, anairudisha pale ilipokuwa.